Nini Inaingia Kwanza Katika Kitunga?

Mazungumzo na wamama siku ya kipimo, Hombo

Ninaona mababa wawili watatu pale karibu na mlango. Karibuni ndani, maneno ya leo ni yenu pia.

Najua mmeamka mapema. Wengine mmetoka ng'ambo ya mto, upande wa Kalehe, mkavuka daraja mbele ya jua kutoka. Wengine mmeshuka kutoka vijiji vya upande wa Walikale, mtoto kifuani na kitunga cha ndizi mgongoni, kwa sababu mkitoka hapa mnapita moja kwa moja sokoni. Basi sitawachelewesha sana. Ninaomba nafasi kidogo tu, na neno nitakalosema ni hilo hilo: nafasi.

Sisi waganga tunasikia neno hili kila juma. Tunauliza, "Mama, mbona haukuleta mtoto mwezi uliopita?" Jibu: "Sikukuwa na nafasi, muganga." Tunauliza, "Mbona mutoto iko na homa tangu siku tatu, na unakuja leo?" Jibu: "Ilikuwa siku ya soko." Tunamwambia mwingine, "Mimba iko ya miezi nane, pumzika." Anacheka, anasema, "Nipumzike namna gani? Nani atalima?"

Wamama, sitawagombeza. Mimi pia ni mama. Tuhesabu pamoja kazi ya siku moja. Jogoo anawika, unaamka. Unafagia, unawasha moto, unakwenda kisimani na bido. Unaosha watoto, wakubwa wanakwenda masomoni. Unapanda shamba, unalima, unachimba muhogo, unachuma sombe, unatafuta kuni. Unarudi na mzigo, kamba ya kitunga inakaza paji la uso. Unatwanga, unapika, unagawanya chakula, na wewe unakula kilichobaki. Usiku mtoto analia, unaamka tena. Mwenye kusema kwamba mama wa Hombo ni mvivu, hajamwona.

Hakuna dawa ya kuongeza masaa ya siku. Kama ingekuwako tungeitoa hapa bure. Siku ni kama kitunga: ina kipimo chake. Ukijaza kupita kipimo, kamba inakatika. Kwa hiyo swali siyo namna ya kubeba vyote. Swali ni hili: nini inaingia kwanza?

KITUNGA CHA MAMA YANGU

Niwaambie jinsi nilivyojifunza neno hili. Katika mwezi wa tatu wa mwaka 1993, vita ilianza katika soko la Ntoto, huku kwetu Walikale, ikaenea mpaka Masisi. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili hivi. Habari ilifika kijijini saa za mchana: kimbieni. Kila nyumba ilikuwa na nafasi ya kukusanya vitu, lakini ndogo, kama wakati wa kuchemsha maji.

Nilimtazama mama. Hakupiga kelele. Alifunga mdogo wangu kifuani. Halafu akachukua kitunga, akatia chungu kidogo, chumvi, kisu, jembe lisilo na mti, na mbegu ya maharagi aliyoifunga katika kitambaa. Juu yake akaweka nguo moja ya kufunika watoto. Basi. Muhogo uliokuwa juani aliuacha. Kitanda alikiacha. Sahani zake za arusi, alizozipenda sana, aliziangalia tu, akaziacha. Jirani yetu mmoja alibeba redio kubwa, akasahau chumvi. Kwa siku nyingi alikuja kuomba chumvi kwetu, na mama alimpa.

Nilikuwa mkubwa tayari nilipoelewa ile mbegu. Mama alikuwa anakimbia, lakini alifikiri habari ya msimu wa kupanda. Hakutia katika kitunga kitu kilichokuwa karibu na mkono wake. Alitia kitu ambacho bila hicho watoto hawangeishi.

Wengi wenu mmekimbia, katika 1996 au katika miaka iliyofuata, wengine zaidi ya mara moja. Mnajua kuchagua. Siku ya hatari, mama hahitaji kufundishwa na muganga. Mtoto anaingia kwanza. Lakini siku ya amani tunasahau. Siku ya amani, kila kitu kinalia kwa sauti moja: shamba linaita, soko linaita, deni linaita, wageni wanaita. Na mtoto mgonjwa halii kwa nguvu. Mara nyingi mtoto mgonjwa sana ndiye anayenyamaza. Kwa hiyo anawekwa mwisho.

MIMI PIA NILIKOSA

Msidhani ninasema kama mtu asiyekosa. Nilipoanza kufundisha katika shule ya waganga, nilikuwa na mtoto wa pili. Asubuhi darasa, mchana wagonjwa pamoja na wanafunzi, jioni kusahihisha mitihani, siku ya Mungu kwaya na mkutano wa wamama. Watu walinisifu: "Mama huyu ana nguvu!" Nilifurahi kusifiwa.

Siku moja, ili nionyeshe wanafunzi namna ya kupima mtoto, nilimchukua wa kwangu. Mwanafunzi mmoja akaandika uzito katika fishi, akanyamaza. Nikauliza, "Nini?" Akasema kwa sauti ndogo, "Madamu, mstari haupandi." Miezi mitatu sikumpima mtoto wangu, na miezi mitatu hakuongeza kitu. Mimi, mwalimu wa kipimo! Nilikuwa ninamwachia dada mdogo uji mwembamba, nikiamini anakula vizuri.

Nilikwenda nyumbani, nikalia. Kisha nikaacha kwaya kwa muda, nikamwomba mkubwa wa shule anipunguzie jioni mbili, nikamwambia baba watoto kwamba siwezi peke yangu. Mtoto alirudi kupata uzito. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba ninafanya vibaya kabla ya ule mstari. Kipimo siyo kwa kuwaaibisha, wamama. Ni jicho linaloona kile ambacho kazi nyingi imekuficha.

VITU VISIVYOWEZA KUNGOJA

Sasa tuangalie vitu vinavyoingia kwanza. Si vingi. Nitasema vinne.

Cha kwanza ni mtoto mgonjwa. Shamba litakungojea kesho. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, mtoto anayetapika kila kitu, mtoto aliyeshikwa na degedege, mtoto aliyelegea au asiyeamka vizuri, mtoto anayepumua mbio mbio na kifua kinaingia ndani: huyu hangoji soko liishe. Hangoji hata chakula kiive. Na homa ya malaria inataka dawa siku ile ile inapoanza, au kesho yake, siyo siku ya nne.

Pahali pengine nilipofanya kazi zamani, mama mmoja alifika jioni na mtoto wa mwaka mmoja. Alikuwa anapumua kwa shida tangu siku tatu. Mama alikuwa ametoka sokoni kuuza mawese, kwa sababu mtoto mkubwa alifukuzwa masomoni kwa kukosa pesa ya shule. Tulifanya tulivyoweza. Mtoto alikufa usiku ule. Asubuhi mama alifungua pembe ya kitenge chake ili alipe, na pesa zote za mawese zilikuwa pale, hakuna iliyopungua.

Sisemi kwamba mama yule alikuwa mbaya. Alikuwa mama mzuri. Alichoka kwa ajili ya watoto wake. Kila kitu katika kitunga chake kilikuwa kizuri. Lakini kilichotakiwa kuingia kwanza kiliingia mwisho, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Mama, lete mawese, mimi nitakuuzia. Wewe kimbia na mtoto."

Cha pili ni mwili wa mama. Wewe ni kisima cha nyumba. Kisima kikikauka wote wanaona kiu. Mwenye mimba aje kipimo mapema, mbele ya miezi mitatu kwisha, na arudi kila mara anapoitwa. Tangu 2016 Shirika la Afya la Dunia linashauri mama aonwe mara 8 katika mimba moja. Katika miezi ya mwisho punguza mzigo. Baada ya kuzaa, kwa majuma 6, usibebe kitunga kizito wala bido kubwa. Wengi wanaokuja hapa na kizazi kinachoshuka, walirudi mapema kubeba mizigo. Na damu ikitoka, au kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, au uso na mikono kuvimba, au maji kupasuka, au mtoto kuacha kucheza tumboni, usimalize mstari wa shamba. Weka jembe chini, kuja.

Cha tatu ni nafasi kati ya mtoto na mtoto. Ninyi mnajua bwaki: miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, mtoto hataki kucheza. Katika mwaka 1935 muganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliandika habari ya ugonjwa huu kutoka nchi inayoitwa leo Ghana. Alitumia jina walilolitumia wamama wa kule, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mwingine amekuja. Wamama wa mbali sana walikuwa wameona kitu kile kile tunachokiona hapa. Mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kisha maziwa pamoja na chakula chenye nguvu, maharagi, karanga, samaki, yai, mpaka miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo baada ya kuzaa, ngojeni angalau miaka 2 mbele ya kuchukua mimba nyingine. Njia ziko. Njoo na mume wako tuzungumze, hapana haya.

Cha nne ni kazi ambayo haikubali kufupishwa. Mnajua haraka haraka haina baraka. Muhogo ni mfano mkubwa. Muhogo mchungu unataka kukaa ndani ya maji siku tatu kamili mpaka ulainike, halafu kukauka vizuri juani. Mama mwenye haraka anautoa siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu wanunuzi wamefika au watoto wana njaa. Sumu inabaki ndani. Wakila hivyo kwa majuma mengi, bila maharagi wala samaki wala nyama, inaweza kuleta ugonjwa unaoitwa konzo: ghafula miguu inakazana, mtu hawezi kutembea vizuri, na ugonjwa huu hauponi tena. Unashika zaidi watoto na wanawake. Katika nchi yetu waganga waliandika habari yake mara ya kwanza katika 1938, upande wa Kwango, na katika miaka ya vita ulionekana pia Kivu ya Kusini, upande wa Burhinyi. Siku mbili ulizoziponyesha kwa haraka, mtoto anazilipa kwa miguu yake, maisha yote.

VITU VINAVYOWEZA KUNGOJA

Mtaniuliza, "Madamu, tukiweka hivyo vinne, vingine tutavipeleka wapi?" Vingine vinaweza kungoja, au kupunguzwa, au kubebwa na mtu mwingine.

Kufagia kiwanja kila asubuhi ni kuzuri, lakini mtoto akiwa mgonjwa kiwanja kinaweza kuwa na majani siku moja. Nguo zinaweza kuoshwa kesho. Kuhudhuria kila mkutano, kila karamu, kila mazungumzo ya njiani, haiwezekani. Hata kazi za kanisa: Mungu hafurahi mama akipamba kanisa na mtoto wake akiungua homa nyumbani. Kusema "leo siwezi" siyo matusi. Sema kwa upole, kwa heshima, lakini sema.

Na kupumzika siyo uvivu. Mnakumbuka Eliya alipokimbia jangwani, akachoka mpaka akaomba afe. Mungu hakumgombeza kwanza. Alimpa usingizi, akampa mkate na maji, tena usingizi, tena mkate. Kazi ilikuja nyuma. Mama anayenyonyesha akae chini anaponyonyesha, asimame baadaye. Akale pamoja na watoto, asingoje kilichobaki. Mchana, jua likiwa kali, alale kidogo pamoja na mtoto chini ya mti. Shamba halitakimbia.

NANI ATASHIKA UPANDE WA PILI?

Neno la mwisho, na hapa nawaomba mababa wasogee.

Musa alikuwa akihukumu watu peke yake tangu asubuhi hata jioni. Mkwe wake Yetro alipomwona akasema kazi hii itakumaliza, wewe na watu pia. Chagua wengine wabebe pamoja nawe. Musa, mtumishi wa Mungu, alisikia shauri akapona. Basi sisi tunajiona wakubwa kuliko Musa?

Mama, usinung'unike moyoni ukitumaini mume ataona mwenyewe. Jioni, akiisha kula, zungumza naye: "Baba Fulani, kesho ni siku ya kipimo. Mimi nitakwenda na mtoto. Nakuomba wewe uchote maji, na mkubwa apike maharagi." Wengine watakataa mara ya kwanza. Wengi watakubali wakiombwa kwa heshima na kuelezwa sababu. Na ninyi mababa, mwanamume anayebeba bido la maji wakati mke wake ana mimba ya miezi nane, hapotezi uanaume wake. Watu watamcheka juma moja. Mtoto atamshukuru miaka mingi. Wafundisheni watoto wa kiume pia kuchota na kutwanga. Mkono wa kijana hauchagui kazi.

Tena, wamama, mnajua likelemba ya pesa. Fanyeni likelemba ya siku. Wamama watano wa jirani, waaminifu, wapatane. Siku ya soko mmoja auze mali ya wote, wanne wabaki. Siku ya shamba mmoja abaki na watoto, awapikie uji mzito, wengine walime mpaka na sehemu yake. Mtoto wa mmoja akiugua, mama yake asifikirie mawese wala ndizi. Wenzake watauza, yeye akimbie hospitalini. Kama yule mama niliyewaambia angekuwa na likelemba ya namna hii, labda mtoto wake angekuwa kijana leo.

KUMBUKENI NYUMBANI

Kila jioni, moto ukiwa unazimika, mama akae dakika chache ajiulize maneno matatu:

1. Kesho, nini haiwezi kungoja? Hiyo itaingia kwanza katika kitunga.
2. Nini inaweza kungoja mpaka siku nyingine? Hiyo niitoe leo, nisilale nayo kichwani.
3. Nani atanisaidia, na nimeisha kumwomba?

Na fishi ya mtoto iwe pahali pamoja, mkavu, unapoweza kuichukua hata usiku. Angalia tarehe zake: chanjo za kuzaliwa, za juma la 6, la 10 na la 14, na ya surua katika mwezi wa 9. Tarehe hizo msipange safari wala soko juu yake. Tena mwulize muganga kama kuna nyingine baada ya hapo.

Mama yangu amezeeka sasa. Juzi nilimwuliza kama alihuzunika kwa ajili ya zile sahani. Alisema, "Nilihuzunika sana. Lakini mwaka ule tulivuna maharagi."

Wamama, nimemaliza. Tunaanza kupima. Najua mmepanga mstari tangu asubuhi, na kila mmoja anajua aliye mbele yake. Lakini tufanye leo kama tulivyosema. Mama mwenye mtoto wa homa, au anayepumua mbio, au aliyekataa ziwa, asiogope kuvuka wengine. Simama, mama, pita mbele. Wengine tutangoja.